Kemia ya maji katika tangi jipya la samaki wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanzisha tangi la maji chumvi kwa mara ya kwanza hunipigia simu kwa moja ya sababu mbili: maji yamekuwa meupe kama tui, au samaki wa kwanza wamekufa ndani ya wiki. Majibu haya nimeyatoa kwa simu mara nyingi mno, nikaona bora niyaandike. Mifano yote ni ya tangi la lita 200 lililoko sebuleni kwangu Dar es Salaam, kwenye joto letu na umeme wetu. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji halisi humo ni kama lita 170, na ndiyo hesabu ninayotumia. Lako likiwa dogo zaidi, punguza kiasi cha kila unachotia na uongeze tahadhari, maana tangi dogo hubadilika ghafla.

Mwezi wa kwanza nipime nini?

Vinne tu: kiwango cha chumvi, joto, amonia na nitraiti (hizi mbili zinatokana na taka za samaki, nazieleza mbele). Nitreti utaipima mwezi ukielekea mwisho. Kalsiamu, magnesiamu na fosfeti visubiri hadi uwe na matumbawe.

Kabla ya kununua vipimo vingi, nunua daftari. Amonia ya 0.5 (miligramu kwa lita) iliyoshuka kutoka 2 ni habari njema. Amonia hiyohiyo ya 0.5 ikiwa imepanda kutoka sifuri ni balaa. Usipoandika tarehe huwezi kujua uko upande gani.

Naishi karibu na bahari. Kuna haja gani ya kununua chumvi ya matangi?

Si lazima. Maji ya Bahari ya Hindi yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, pamoja na kalsiamu, magnesiamu na vyote ambavyo viwanda vinajaribu kuviiga kwenye pakiti. Shida ni mahali unapochota na saa unayochota.

Chota wakati maji yanajaa au yameshajaa. Yakianza kupwa, yanarudi baharini na kila kilichokuwa ufukweni na mitaroni. Usichote karibu na mlango wa mto wala bandari. Kwa Dar, kaa mbali na pale Mto Msimbazi unapomwaga. Kwa Mombasa, usichote ndani ya hori la Tudor hata kama ni karibu na nyumbani. Masika yakikolea, acha kabisa mpaka mvua zikatike na bahari isafike. Nenda na kipimo chako mfukoni: maji yakisoma 1.020 badala ya 1.025 au 1.026 (uzito wake ukilinganishwa na maji matamu, ambayo ni 1.000), ujue hapo kuna mto umechanganyika, hata kama huuoni. Ukiwa na rafiki mvuvi anayetoka nje ya mwamba, mpe madumu yako akuchotee huko.

Madumu yawe hayajawahi kubeba sabuni, dawa wala mafuta. Ukishafika nyumbani una njia mbili. Tumia maji siku hiyohiyo, au yaache kwenye simtanki lenye kifuniko, gizani, kwa wiki mbili hivi. Katikati ya hapo ndipo penye hatari: vijidudu vidogo vya baharini vilivyomo hufa, huoza na kutoa amonia. Baada ya wiki mbili takataka zimetulia chini. Vuta maji ya juu kwa mpira, yapime, kisha yatumie.

Chumvi ya mawe ya sokoni si inatoka baharini? Kwa nini isifae?

Inatoka baharini, lakini haina bahari yote. Kwenye mashamba ya chumvi, kama yale ya Bagamoyo au ya kaskazini mwa Malindi, maji yakikauka vitu havigandi kwa pamoja. Kwanza hushuka chokaa na jasi, ndizo zilizobeba kalsiamu. Kisha ndiyo inaganda chumvi tunayokula. Magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho ambayo wenye shamba huyamwaga. Unachonunua sokoni ni kipande cha katikati. Ukikiyeyusha utapata uzito uleule wa maji ya bahari, kipimo kitakusifia, na konokono wako watakufa.

Maji matamu ya kuchanganyia nitoe wapi?

Maji bora ni yale yaliyopita kwenye mtambo wa kuchuja chumvi kwa shinikizo. Ukishindwa kuwa na mtambo wako, nenda kwenye viwanda vidogo vya maji ya kunywa na uombe maji kabla hawajayarudishia madini. Beba kile kipimo kidogo cha kalamu kinachosoma madini yaliyoyeyuka. Kikisoma karibu na sifuri, jaza madumu.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua samaki na pia huua bakteria unaowalea. Ukilazimika kuyatumia, tia dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha husaidia kwa klorini ya kawaida, lakini haisaidii kwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Maji ya kisima cha mjini mengi tayari yana chumvi yake na nitreti yake, na hujui nini kingine. Na maji ya mvua? Yangefaa sana kama yasingepita juu ya bati. Bati lina zinki, na kamba, kaa na konokono hawavumilii metali. Shaba ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo angalia na mabomba ya nyumba yako.

Nachanganyaje chumvi ya pakiti?

Kwenye pipa, kamwe si ndani ya tangi lenye samaki. Tangulia kuweka maji, ndipo umwage chumvi kidogokidogo huku pampu ikizungusha. Ukifanya kinyume, ukamwagia maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu na alkaliniti (kaboneti zilizoyeyuka, zinazozuia maji yasiwe na tindikali) hukutana zikiwa nzito mno na kuganda. Ule unga mweupe unaobaki chini ya pipa ni pesa yako. Kadiria gramu 36 hadi 38 kwa lita, acha pampu mpaka kesho yake, pima, rekebisha.

Kipimo changu cha mshale kinasema 1.024, refraktomita ya jirani inasema 1.028. Nimwamini nani?

Usimwamini yeyote kwanza. Angalia mshale kwa karibu, ukiuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Mara nyingi utakuta kipovu cha hewa kama kichwa cha pini kimeng'ang'ania ubavuni mwake. Kipovu hicho huunyanyua mshale, nao utasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Gonga kwa ukucha mpaka kitoke. Mshale ukiwa na utando wa chumvi kavu, mambo hugeuka: unakuwa mzito na kusoma chini. Usuuze kwa maji matamu kila ukimaliza.

Refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, nayo hudanganya, hasa ikiwa imesawazishwa kwa maji matupu. Inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye sifuri na ikapotea kwenye 35, ambako ndiko unakopima wewe. Isawazishe kwa kimiminika cha gramu 35. Ukikikosa dukani, pima kwa mizani gramu 36.5 za chumvi safi isiyo na nyongeza, ongeza maji yaliyochujwa mpaka jumla ifike gramu 1,000. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Gharama yake haifiki bei ya soda.

Sijaongeza chumvi, mbona inapanda kila wiki?

Kwa sababu maji yanapaa na chumvi inabaki. Kinachopotea ni maji matamu, basi rudisha maji matamu. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kioo cha sehemu ya kichujio, na kila asubuhi jaza mpaka hapo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najazia maji ya chumvi. Nilijiona mwangalifu: samaki wa bahari, maji ya bahari. Lita mbili kila siku kwa siku kumi, yaani gramu 700 za chumvi juu ya kilo sita zilizokuwemo. Nilipopima ilikuwa 1.029 na konokono wote walikuwa wamejifungia. Nilishusha taratibu kwa siku nne, nikitoa ndoo ya maji chumvi na kurudisha matamu. Samaki hustahimili chumvi kushushwa kuliko kupandishwa, lakini wasio na uti wa mgongo hawapendi haraka ya upande wowote.

Huo mzunguko wa nitrojeni ni nini?

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Baharini hiyo si kitu, maji ni mengi. Kwenye kioo cha mita moja, ni sumu inayomrudia aliyeitoa. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitraiti, kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, na nitreti ndiyo unayoiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei sana majini. Wanakaa juu ya mawe, mchanga na sponji. Tangi jipya halina, au lina wachache mno, na huzaliana polepole ukilinganisha na bakteria wengine. Hapo ndipo zinapotoka zile wiki nne mpaka sita unazosikia. Joto letu la nyuzi 27 au 28 husaidia kidogo.

Unaanza kwa kuwapa chakula kabla ya samaki kuwepo. Wengine huacha kamba mmoja aoze ndani ya soksi. Inafanya kazi, ila nyumba itanuka na huwezi kujua umetoa amonia kiasi gani. Mimi natumia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato (tikisa chupa, ikitoa povu linalodumu, irudishe), mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Tangi langu la mwisho lilikwenda hivi kwenye daftari: siku ya 9 amonia ilianza kushuka, siku ya 12 nitraiti ikapanda ikapita mwisho wa kadi ya rangi, ikakaa huko mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi, siku ya 27 zote mbili sifuri.

Nitajuaje kwamba umekamilika?

Tia amonia ifike 2. Baada ya saa 24 pima. Amonia sifuri na nitraiti sifuri, umekamilika. Badilisha nusu ya maji ili upunguze nitreti iliyorundikana, na kamlete samaki mmoja au wawili wadogo, si wanane.

Usipime nitreti wakati nitraiti ingali juu. Vipimo vingi huchanganya hizo mbili na kukupa namba ya kutisha isiyokuwepo. Na ile chupa ya pili ya kipimo cha nitreti, itikise kwa nguvu nusu dakika nzima kabla ya kudondosha. Unga wake hutulia chini. Usipotikisa utasoma sifuri mwaka mzima na mwani ukuambie vingine.

Nitraiti imepanda sana. Samaki si watakufa?

Kwenye maji matamu ningekwambia kimbia. Kwenye maji chumvi, kloridi iliyomo kwenye chumvi yenyewe huizuia nitraiti isiingie kwa wingi kupitia matamvua, hivyo sumu yake ni ndogo mno ukilinganisha. Amonia ndiyo ya kuogopa.

Samaki tayari wamo na amonia inasoma 0.5. Nifanye nini leo?

Badilisha thuluthi moja mpaka nusu ya maji, kwa maji yenye joto na chumvi sawasawa. Acha kulisha kwa siku mbili. Samaki mzima hafi kwa hilo. Ongeza mapovu ya hewa. Dawa ya kufunga amonia unaweza kuitia, ila soma karatasi yake, maana aina fulani za vipimo zitaendelea kuonyesha amonia hata baada ya kufungwa. Kesho pima tena na urudie. Sponji za kichujio zisioshwe kwa maji ya bomba. Kama una jirani mwenye tangi la zamani lenye afya, kipande cha sponji yake chafu ni zawadi kuliko chupa yoyote ya bakteria ya dukani.

Nimeambiwa nimdondoshee samaki mpya maji kwa saa mbili ndani ya mfuko wake. Ni sahihi?

Kwa samaki aliyesafiri nusu saa kutoka dukani, haidhuru. Kwa aliyekaa kwenye mfuko saa nyingi, unaweza kumuua kwa upole wako.

Ndani ya mfuko uliofungwa samaki anapumua na kutoa hewa ukaa, nayo hushusha pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imeongezeka). Amonia pia inarundikana, lakini pH ikiwa chini, sehemu yake kubwa iko katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko, hewa ukaa inatoroka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kali. pH ikipanda kwa namba moja, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Samaki aliyevumilia safari yote anakufa mbele ya macho yako kwenye ndoo.

Mimi humwuliza muuzaji mapema chumvi yake ni ngapi. Kama anaweka 1.021, naandaa tangi dogo la karantini kwenye 1.021. Mfuko ukifika unaelea bila kufunguliwa robo saa ili joto lilingane, nafungua, namhamisha samaki kwa mkono au kikombe, maji ya mfuko yanakwenda chooni. Chumvi ya karantini naipandisha kwa siku kadhaa.

pH yangu ni 7.9 na vitabu vinasema 8.1 mpaka 8.4. Nitie dawa gani?

Usitie. Hii ndiyo namba ambayo watu wakiifukuza huua samaki wengi. Uliza kwanza umepima saa ngapi. Alfajiri pH huwa chini, kwa sababu usiku mwani haufanyi kazi ya mwanga na kila kiumbe kinatoa hewa ukaa. Jioni hupanda.

Halafu angalia chumba. Sebule yenye kiyoyozi, madirisha yamefungwa, watu sita wanatazama mpira: hewa ukaa ya watu hao inaingia kwenye maji. Chota kikombe cha maji ya tangi, kitoe nje barazani na kijiwe cha hewa ndani yake kwa saa moja, upime. Ikipanda, dawa yako ni dirisha. Isipopanda, pima alkaliniti.

Alkaliniti ikiwa chini, naweza kutumia magadi?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jikoni neno magadi limefunika vitu vitatu tofauti. Magadi ya mawe, yale ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron tunayolainishia maharage, yana floridi nyingi na uchafu mwingine. Usiyatie. Unga wa kuumulia keki ule wenye tindikali na wanga ndani yake, nao hapana. Kinachofaa ni bikaboneti ya soda tupu, ile ambayo kwenye pakiti haijaandikwa kitu kingine chochote.

Bahari huwa na alkaliniti karibu 7 kwa kipimo cha dKH. Kwenye tangi lenga 8 au 9. Miligramu 30 za bikaboneti kwa kila lita hupandisha 1. Kwa lita zangu 170 ni gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Yeyusha kwenye kikombe cha maji matamu, mimina polepole mbele ya pampu, na kwa siku moja usizidishe hapo.

Kalsiamu ikae karibu 420 na magnesiamu karibu 1,300, zote miligramu kwa lita. Tangi jipya la samaki watupu linapata hizo kwenye maji ya kila wiki na huna la kuongeza. Kama ulimimina dawa mbili za matumbawe kwa pamoja na maji yakageuka kama tui, hiyo ni chokaa iliyoganda. Acha pampu zizunguke, usiongeze kitu, kesho yatakuwa safi. Alkaliniti na kalsiamu zote zitakuwa zimeshuka.

Naweza kuokota mawe ya baharini yenye viumbe?

Usiokote. Ndani ya hifadhi za bahari ni marufuku, na matumbawe ya mawe yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Hata ukiacha sheria, nusu ya viumbe vilivyo kwenye jiwe hufa njiani na kukuletea amonia.

Jiwe la matumbawe lililochimbwa nchi kavu, lile la kujengea, linafaa sana na ni rahisi. Chagua lililotoka machimboni, si lililobomolewa ukutani, kwa sababu saruji na chokaa iliyoganda juu yake hupandisha pH kwa fujo. Lisugue, liloweke kwenye pipa la maji chumvi mwezi mmoja, pima fosfeti ya maji hayo kabla ya kulihamisha.

Mchanga na vioo vimejaa vumbi la kahawia.

Wiki ya tatu au ya nne, sivyo? Ni vijimea vidogo, aina ya mwani, vinavyokula silika ya maji na mchanga mpya. Vitaisha vyenyewe. Konokono wachache wanatosha.

Nitreti na fosfeti zikiwa sifuri kabisa ndiyo vizuri zaidi?

Hapana. Matumbawe yanahitaji kidogo, na tangi lililokaushwa virutubisho huwa shamba la utando wa kahawia unaoteleza wenye mapovu, ambao kuuondoa ni kazi ya miezi. Nitreti kati ya 2 na 20, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, kaa humo. Samaki watupu wanavumilia nitreti hata 40. Kumbuka hesabu ya ndoo: ukiwa na 40 na ukibadilisha asilimia 20 ya maji, unabaki na 32, si sifuri.

Umeme ukikatika usiku kucha, kemia inaharibikaje?

Oksijeni ndiyo inatangulia. Maji chumvi ya nyuzi 28 hubeba miligramu 6 na kidogo tu kwa lita, na pampu ikisimama hakuna kinachorudisha. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile ya wavuvi wa chambo, iwe imechomekwa muda wote. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu kila nusu saa. Usilishe.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe moja kwa moja kichujio cha chombo kilichofungwa. Maji yaliyokwama humo hayana oksijeni, bakteria wameanza kufa na amonia imo. Kifungue, mwaga maji yale, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kisha pima amonia asubuhi na jioni kwa siku tatu.